Maji Hayasafishi Kila Kitu

Katika somo la sayansi imezoeleka kufundisha kwamba maji huondoa kila uchafu. Mwalimu atakayesema hivyo huko Kibosho atapingwa na watoto wenyewe. Wao wamekwisha kumenya kahawa nyumbani, nao wajua kwamba buni mbichi haitakati kwa kuoshwa mara moja. Ute wake hunyonya maji ukazidi kuteleza. Ndiyo maana huvundikwa kwanza hata uchachuke, ndipo ukaoshwa.

Wanakemia hupata taabu iyo hiyo katika oksidi ya grafiti. Grafiti ndiyo madini meusi ya kalamu za risasi, na imo katika miamba ya Mirerani, kusini-magharibi mwa Kilimanjaro, pamoja na tanzanaiti. Mwaka 1859 Mwingereza Benjamin Brodie aliigeuza kuwa oksidi. Mwaka 1958 Hummers na Offeman wa Marekani walitumia asidi ya salfa, nitrati ya sodiamu na pamanganeti ya potasiamu. Kazi kubwa huja baadaye, katika kuondoa asidi na chumvi. Kadiri asidi inavyopungua ndivyo maji yanavyopenya kati ya tabaka za oksidi, nayo huvimba kama uji mzito na kuziba karatasi ya kuchujia. Katika spiriti haitawanyiki, bali hugandamana na kutuama. Lakini spiriti haiyeyushi vema chumvi zilizomo. Kwa hiyo huoshwa kwanza kwa maji yenye asidi ya hidrokloriki, kisha kwa spiriti. Chumvi za potasiamu zikibaki, oksidi iliyokaushwa hushika moto upesi.

Oksidi hii isitengenezwe shuleni kamwe: asidi ya salfa na pamanganeti huweza kulipuka. Ute wa kahawa watosha, au wa bamia nje ya msimu. Uchanganye na maji kidogo, uuchuje kwa kitambaa, uugawe katika gilasi mbili. Ya kwanza iongezwe maji. Ya pili iongezwe spiriti kali, mara tatu ya ute. Ile ya kusafishia vidonda ina maji mengi mno. (Wala mtoto asitumwe kutafuta gongo!) Mwalimu aimimine mwenyewe, mbali na moto. Katika gilasi ya pili zitatokea nyuzi na mabonge.

Kisha watoto wakoroge chumvi ya mezani katika maji, na nyingine katika spiriti, walinganishe. Hapo waulizwe: ute wenye chumvi ungeoshwa kwanza kwa kipi? Waachwe wabishane kabla ya mwalimu kusema neno.