Gitaa la Besi na Ukubwa wa Chumba

Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa sauti husafiri hewani mita 340 kwa sekunde, urefu wa wimbi lake ni 340 ÷ 41, yaani mita 8.3. Chumba chenye urefu wa mita 4 huchukua takriban nusu ya wimbi hilo tu. Wimbi hugonga ukuta, hurudi na kukutana na lile lijalo. Kandokando ya kuta hizo mbili sauti huvuma, na katikati ya chumba karibu hutoweka. Hivyo, anayerekodi nyumbani wimbo kama “Roundabout” wa kundi la Yes la Uingereza (1971), akiweka maikrofoni katikati, hupata noti zilizomezwa, akalilaumu gitaa bure.

Afadhali kukiepuka chumba. Sumaku na koili zilizo chini ya nyuzi hugeuza mtetemo kuwa umeme, nao hupitishwa kwa waya hadi kwenye chombo cha kurekodia. Sharti tundu la kuingizia liwe na ukinzani mkubwa, yapata omu 1,000,000; ukiwa mdogo, sauti za juu hufifia. Katika wimbo huo hasara hiyo si ndogo, maana mlio wa besi ya Chris Squire ulikuwa mkali.

Zoezi: Uzi wa pili hutetemeka mara 55 kwa sekunde. Ni chumba cha urefu gani kitakachoenea nusu ya wimbi lake?