Somo la Usafirishaji: Kuilinda Injini ya Lori Mlimani Wakati wa Joto



Mbolea ya kupandia hutakiwa ghalani kabla mvua hazijaanza. Kwa vyama vya Nyanda za Juu Kusini, maana yake ni kwamba malori hupanda kutoka Dar es Salaam yakiwa yamejaa katika miezi ya Oktoba na Novemba, wakati wa joto kali linalotangulia mvua. Lori huvuka bonde la Ruaha Mbuyuni, kisha huukabili mlima Kitonga kuelekea Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Injini ikichemka hapo na gasketi ya silinda hedi ikaungua, hasara si ya dereva peke yake. Mbolea hulala njiani, mvua haimngoji mtu, na gharama za fundi hutoka katika mfuko wa wanachama wote.

Shabaha ya somo hili ni moja: kuonyesha kwamba injini huchemka mlimani, lakini mara nyingi sababu zake hutengenezwa mapema, uwanjani pa chama, na watu wasioshika usukani.

1. Joto hutoka wapi?

Dizeli inayoungua ndani ya silinda haigeuki yote kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Kwa makadirio, theluthi moja hivi hufanya kazi, theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huchukuliwa na maji hadi kwenye rejeta ili ipozwe kwa upepo. Tuchukue mfano wa lori ambalo, pamoja na shehena yake, lina uzito wa tani 20. Likipanda kimo cha mita 1,000, joto linaloingia katika maji yake latosha kuchemsha mapipa mawili au matatu ya maji, kila pipa lita 200. Rejeta haina budi kulitoa joto hilo lote, hali lori lenyewe linakwenda polepole, upepo wa mwendo ni mdogo, na hewa ya bondeni ni ya moto.

Tena, maji yasiyofunikwa huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi katika usawa wa bahari, lakini kila tupandapo mita 300 kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi 1. Katika kimo cha mita 1,500 maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima huyabana maji yasichemke upesi. Chenye mgandamizo wa baa 1 huweza kukifikisha kiwango cha kuchemka karibu nyuzi 120. Springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, kinga hiyo yote hupotea.

2. Wajibu wa chama kabla ya safari

(a) Uzito. Mifuko 40 ya mbolea ya kilo 50 ni tani 2. Mwanachama anayeomba "mifuko michache tu iongezwe" hana budi kuelezwa kwamba injini itaulipia uzito huo kwa joto katika kila kona ya mlima.

(b) Saa ya kuondoka. Safari ipangwe ili lori lifike chini ya mlima asubuhi na mapema, wala si saa nane mchana. Shehena ipakiwe jana yake, na hati za mzigo ziwe tayari jioni hiyo. Katibu anayechelewesha karatasi hadi saa tano ndiye anayempeleka dereva mlimani katika jua kali.

(c) Rejeta. Makapi ya mahindi, nyuzi za pamba, wadudu na matope huziba mapezi ya rejeta, upepo usipite. Ioshwe kwa maji yenye nguvu ya wastani, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka.

(d) Mkanda wa feni, mipira ya maji na kifuniko vikaguliwe kabla ya kila safari ndefu. Rejeta itiwe maji safi pamoja na dawa yake, kwa kipimo cha kitabu cha lori. Maji ya chumvi huacha ukoko ndani ya mirija.

(e) Themostati isitolewe. Wako wanaodhani kuiondoa ni dawa ya joto. Katika injini nyingi, ikiondolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta. Na katika nchi ya baridi injini hukosa joto lake la kufanyia kazi, ikachakaa upesi. Themostati mbovu hubadilishwa kwa nzima.

3. Wajibu wa dereva mlimani

Dereva aingize gia ndogo mapema, kabla injini haijaanza kulemewa. Feni na pampu ya maji huzungushwa na injini yenyewe. Akiing'ang'ania gia kubwa huku amekanyaga mafuta hadi mwisho, moto huwa mwingi ndani ya silinda, ilhali feni na pampu zinazunguka polepole. Katika gia ndogo injini huzunguka kwa wepesi, hewa na maji vikapita kwa wingi.

Geji ya joto itazamwe kila mara. Sindano ikianza kupanda kupita mahali pake pa kawaida, dereva apunguze mafuta na ashuke gia moja. Ikizidi kupanda, asimame mahali salama kabla maji hayajachemka. Kusimama robo saa ni nafuu kuliko kulala siku tatu.

4. Injini ikizidi joto

Weka vizuizi nyuma ya magurudumu na alama za tahadhari barabarani. Ikiwa maji hayajapotea na mgandamizo wa oili ni mzuri, iache injini izunguke polepole bila mzigo, ili maji yaendelee kuichukua joto. Ikiwa mpira umepasuka, mvuke unatoka au mgandamizo wa oili umeshuka, izime mara moja.

Mtu yeyote asifungue kifuniko cha rejeta iliyo moto. Maji yaliyobanwa hulipuka na kumwunguza mtu uso na mikono. Ngojeni hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono. Hapo kifunguliwe kwa kitambaa kinene, taratibu, hatua ya kwanza kwanza. Maji yaongezwe kidogo kidogo. Maji baridi yakimiminwa katika chuma cha moto huweza kukipasua. Kabla ya kuondoka, vizuizi viondolewe barabarani, visije vikamdhuru msafiri mwingine.

5. Maswali ya kujadiliana mkutanoni

(i) Hati za mzigo katika chama chetu huwa tayari saa ngapi?
(ii) Nani hukagua kifuniko cha rejeta na mkanda wa feni, na huandika wapi?
(iii) Dereva akichelewa kwa sababu alisimama kupoza injini, je, chama humlaumu au humshukuru?

Swali la tatu lijibiwe kwa makini. Dereva anayeogopa kulaumiwa hatasimama, na injini haiogopi lawama.