Mwili Wetu: Damu Inakwenda Wapi?

Wengi wetu tulijifunza habari za mwili kwa kukariri: mfumo wa chakula, wa pumzi, wa damu, wa mkojo, kila mmoja na picha yake ukutani. Wanafunzi wetu chuoni walitaja sehemu zote bila kukosea, lakini ukiwauliza figo zina shauri gani na moyo, kimya. Basi mwezi huu tuifuate damu yenyewe.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga wa Ulaya walishika mafundisho ya Galen, kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, nayo huishia mwilini kama maji shambani. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu cha kuyapinga. Hoja yake kubwa ilikuwa hesabu, tena ya darasani. Alikadiria damu itokayo moyoni kwa pigo moja, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, akapata damu nyingi kuliko iliyomo mwili mzima. Ni chakula gani kingeitengeneza? Hapana budi damu ni ile ile, inarudi. Vishipa viunganishavyo ateri na vena hakuviona. Marcello Malpighi aliviona kwa hadubini mwaka 1661, katika mapafu ya chura, Harvey akiwa amekwisha kufariki.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 kila dakika. Sehemu moja ya tano hivi hupitia figo, ambazo huchuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote. Mkojo ni lita moja na nusu tu!

Hapa ndipo presha inapoingia. Damu ikisukumwa kwa nguvu mno miaka mingi, vichujio vya figo huharibika. Figo zikishindwa kutoa chumvi na maji, presha huzidi kupanda, na moyo huongezewa mzigo. Mwenye nayo mara nyingi haumwi popote. Tunawajua walioacha vidonge kwa kuwa walijisikia wazima, kumbe ni vidonge vilivyokuwa vikiishusha. Msiviache bila kumwuliza daktari.

Zoezi la watoto: Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono wako kwa dakika moja. Zidisha kwa mililita 70. Kisha mwulize kila mtu mzima nyumbani alipimwa presha lini.