Kutoka Brashi hadi Kipanya: Mchoraji wa Nakuru na Istilahi za Michoro ya Kompyuta

Utangulizi

Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ni kituo kikuu cha matatu ziendazo Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha. Kwa muda mrefu, ubavu wa matatu na ukuta wa duka vilikuwa uwanja wa mchoraji wa brashi. Makala haya yanachunguza namna mchoraji huyo alivyoingia katika programu za michoro, na tatizo la istilahi lililomkabili.

Njia ya Kuingilia

Programu hizo zilitoka mbali. CorelDRAW ilitolewa Kanada mwaka 1989 na Photoshop Marekani mwaka 1990. Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walitoa GIMP, ambayo hupatikana bila malipo.

Mchoraji alikuwa na sababu ya kuzitafuta. Kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, maarufu kama sheria za Michuki, ziliamuru matatu ziwe na mstari wa manjano na kuibana michoro. Isitoshe, mchoro wa kompyuta huhifadhiwa na kuchapishwa tena, ilhali wa brashi huanzwa upya.

Suala la Istilahi

Anayejifunza kwa kuketi kando ya mjuzi hukariri mahali pa kubofya. Asipoelewa maneno ya Kiingereza yaliyo kwenye kioo, hujua wapi bila kujua kwa nini. Toleo jipya likibadilisha mpangilio, hupotea.

Hata hivyo, dhana zenyewe si ngeni kwake. Mchoraji wa brashi hupaka rangi ya msingi, husubiri ikauke, kisha huandika juu yake. Hayo ndiyo matabaka, ambayo wengi huyaita "leya". Tofauti ni kwamba katika kompyuta tabaka la maandishi huweza kuondolewa bila kuharibu lililo chini.

Vivyo hivyo, picha ya vitone, kama zile za Photoshop na GIMP, ikikuzwa sana huonyesha kingo zenye meno. Mchoro wa vekta, kama wa CorelDRAW, huhifadhiwa kwa vipimo vya mistari. Hivyo hubaki laini hata ukiwa bango la barabarani.

Hitimisho

Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba menyu za kompyuta zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Lakini istilahi isiyofika karakanani hubaki kamusini. Kutoka Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, hadi karakana za Nakuru si mbali. Mwanaisimu na aende huko, asikilize kwanza, ndipo apendekeze.