Gobori ya Fataki: Namna ya Kuishindilia na Kuipiga Bila Kujidhuru



Mahindi yakianza kubeba, nyani huja mchana na nguruwe huja usiku. Nawe umekwisha toa jasho lako lote, mbegu imekwisha, na mvua haitarudi kwa ajili yako. Ndiyo sababu katika vijiji vingi utaikuta bunduki ya kale, ile ishindiliwayo kwa mdomo, imetundikwa ukutani kungojea majira hayo. Watu huiita gobori. Somo hili ni juu ya bunduki hiyo, jinsi itengenezwavyo tayari, ipigwavyo na isafishwavyo, ili mlinzi arudi nyumbani na vidole vyake kumi.

Kwanza neno la sheria. Katika Tanzania hapana mtu aruhusiwaye kuwa na bunduki bila kibali, hata ikiwa ni gobori ya babu yake. Sheria yenyewe ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Wanyama wa porini nao wana sheria yao ya mwaka 2009, wala haifai kuua mnyama kwa sababu tu umemwona karibu na shamba. Nchi jirani zina sheria zao. Ukiwa umerithi gobori na hujui hati zake ziko wapi, usiishindilie. Nenda kituo cha polisi ukaulize.

Neno la pili ni juu ya bunduki zitengenezwazo vichakani kwa mabomba ya maji na vyuma vya magari mabovu. Sina mafundisho ya kutoa juu yake. Bomba la maji lilifanywa lichukue maji. Kuna watu watakaokuambia kwamba bunduki ya namna hiyo imepigwa mara mia bila madhara, nao labda wasema kweli. Lakini chuma huchoka ndani kwa ndani, wala hakitoi habari.

Sasa tuitazame gobori yenyewe. Zamani bunduki za namna hii zilikuwa za gumegume: jiwe lilipiga chuma, cheche ikaanguka katika kijisahani chenye baruti nje ya kasiba, na moto ukapita katika tundu mpaka ndani. Mvua kidogo tu, baruti ikalowa. Tena ule mwako wa nje ulionekana kabla ya bunduki kulia. Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa la Belhelvie katika Uskoti, alikuwa mwindaji wa ndege, akachukizwa kuona ndege wakiruka mara waonapo mwako ule. Mwaka 1807 akapata haki ya uvumbuzi wake wa kuwasha baruti kwa dawa ilipukayo ikigongwa. Baadaye dawa hiyo ikatiwa katika vikombe vidogo vya shaba, navyo ndivyo tuviitavyo fataki. Fataki huvikwa juu ya kichuchu cha chuma chenye tundu, nyuma ya kasiba. Mtambo ukiangushwa, nao ni ile nyundo ndogo uivutayo kwa kidole gumba, fataki hupasuka na moto hupita katika tundu la kichuchu mpaka kwenye baruti.

Basi yafaa ufahamu tofauti moja kubwa. Bunduki ya siku hizi waifungua nyuma, watazama, wajua kama ina risasi au haina. Gobori haifunguki. Ukiichungulia kwa mdomo huoni kitu ila giza, na kuchungulia kwenyewe ni hatari. Kwa hiyo yakupasa kuwa na njia nyingine ya kujua, na njia hiyo ni mdeki.

Nitakusimulia jambo nililoliona mwenyewe nilipokuwa kijana katika kazi hii ya kufundisha kilimo. Nililala katika kijiji kimoja kwa ndugu wawili waliokuwa na shamba la mahindi kando ya mto. Jioni yule mkubwa aliishindilia gobori yake, akaiacha bila fataki, akaiegemeza penye nguzo ya dungu, akaenda kula. Hakurudi, usingizi ulimchukua. Usiku wa manane mdogo wake akapanda dunguni kushika zamu. Akaikuta bunduki haina fataki, akadhani ni tupu. Akatia kipimo kizima cha baruti, akashindilia risasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Nguruwe wakaja, akapiga, na kasiba ikapasuka pale pale mkono wa kushoto uishikapo.

Tulimfunga mkono kwa shuka yangu, tukamchukua kwa machela mpaka hospitali, mwendo wa saa tano. Alirudi hana kidole gumba wala viwili vilivyokifuata. Jaribu kushika mpini wa jembe bila kidole gumba, utaona. Na mimi niliiona bunduki ile jioni, imeegemezwa pale, nikapita. Sikuuliza kama ina kitu ndani, kwa kuwa nilijiona ni mgeni. Tangu siku hiyo, kila niingiapo nyumba yenye gobori, naomba nionyeshwe mdeki kabla sijaketi.

MDEKI

Twaa mdeki wakati ambao una hakika kabisa kwamba bunduki ni tupu. Uteremshe polepole mpaka ugonge chini, nawe utasikia mlio wa chuma. Mahali mdeki utokezapo mdomoni, kata alama ya kuuzunguka. Hiyo ni alama ya utupu. Kisha siku utakayoishindilia kwa kipimo chako cha haki, teremsha mdeki tena juu ya risasi, ukate alama ya pili. Hiyo ni alama ya ujazo, nayo itakuwa karibu zaidi na ncha ya chini ya mdeki kuliko ile ya kwanza.

Tangu hapo mdeki unasema. Alama ya utupu ikiwa sawa na mdomo, ndani hamna kitu. Alama ya ujazo ikiwa sawa na mdomo, bunduki imeshindiliwa sawasawa. Ikiwa alama ya ujazo imesimama juu ya mdomo, basi kuna mambo mawili: ama risasi mbili zimo ndani, ama risasi haikufika chini juu ya baruti. Hili la pili watu wengi hawalijui. Pakiwa na nafasi tupu kati ya baruti na risasi, risasi huwa kama kizibo, na kasiba huweza kuvimba au kupasuka hata kama baruti haikuzidi. Usipige bunduki ya namna hiyo kwa hali yoyote.

Wafundishe alama hizi wote wa nyumbani mwako waruhusiwao kuishika. Na kila ashikapo mtu zamu, jambo lake la kwanza liwe kutazama kama pana fataki juu ya kichuchu na kuiondoa, na la pili kuteremsha mdeki. Kutokuwa na fataki si dalili ya utupu, umekwisha ona.

KUSHINDILIA

Baruti ifaayo gobori ni baruti nyeusi peke yake, ile ya shura, makaa na kiberiti. Baruti isiyo na moshi, itokayo katika risasi za kisasa, ina nguvu nyingine kabisa, na kiasi kile kile cha kipimo chako kitaipasua kasiba. Nimesikia vijana wakifungua risasi za kisasa ili wapate baruti ya bure. Wala usijitengenezee baruti nyumbani. Inunue kwa mwenye ruhusa.

Ukisha hakikisha kwa mdeki kwamba bunduki ni tupu, futa mafuta ndani ya kasiba kwa tambara kavu. Kisha vika fataki moja, elekeza mdomo chini karibu na jani bichi, uangushe mtambo. Jani likitikisika, tundu la kichuchu li wazi. Lisipotikisika, zibua kwa sindano. Ondoa fataki iliyokwisha pasuka. Sasa simamisha bunduki, kitako chini, mdomo ukielekea mbali nawe na mbali na kila mtu.

Pima baruti katika kipimo, uimimine kutoka kipimoni. Usimimine kutoka katika pembe ya baruti moja kwa moja. Ikiwa kuna kaa moto dogo lililobaki ndani ya kasiba, baruti ya kipimo itakuunguza vidole, lakini pembe nzima itakuua. Kiasi cha kipimo kitoke kwa fundi wa bunduki mwenye leseni aliyeitazama kasiba yako. Kipimo cha jirani ni cha bunduki ya jirani. Kwa marisau, desturi ya zamani ni kwamba kipimo kile kile kilichopima baruti ndicho hupima marisau, wala marisau yasizidi.

Juu ya baruti tia kizibo cha tambara, uteremshe kwa mdeki mpaka kikae. Kisha risasi au marisau, na juu ya marisau kizibo kingine chepesi ili yasimwagike. Shika mdeki kwa ncha za vidole, usiukandamize kwa kiganja wala usiinamishe uso juu ya mdomo. Sukuma kwa nguvu za kadiri mpaka alama ya ujazo iwe sawa na mdomo. Hapana haja ya kupigapiga kama mtu atwangaye. Wako watu waaminio kwamba mlio wa mdeki ndio huongeza nguvu, nao wanajisumbua. Kisha toa mdeki. Usicheke, mdeki uliosahauliwa ndani ya kasiba hutoka kama mkuki.

Fataki huvikwa mwisho wa yote, ukiwa mahali pako pa kulinda, si nyumbani, wala si njiani.

Hapa nitaingiza habari kidogo ya silaha nyingine ya jamii hii hii. Mwaka 1836 Samuel Colt wa Marekani alipata haki ya uvumbuzi wa bastola ya fataki, yenye gurudumu la chuma lenye vyumba, kila chumba kikishindiliwa baruti na risasi kwa mbele na kuvikwa fataki yake nyuma. Ile ya mwaka 1851 iitwayo Navy ilikuwa na vyumba 6. Walioitumia walijifunza kwamba cheche za chumba kimoja huweza kuwasha vyumba vya jirani, vikalia pamoja mkononi. Kwa hiyo hutaka risasi iingie kwa kubana sana, tena hupaka mafuta mazito juu ya kila risasi, na wengi hushindilia vyumba 5 tu ili mtambo ulale juu ya kitupu. Wapenda shabaha huko wangali wakizipiga. Nimekutajia bastola hiyo kwa sababu cheche za gobori ni zile zile: zatoka mdomoni, zatoka kichuchuni, na hutafuta baruti popote ilipo. Weka pembe yako imefungwa, hatua kadhaa nyuma yako, na sigara isikaribie.

KUPIGA

Usiku usipige mlio. Majani yakichakacha, huenda ni nguruwe, huenda ni jirani yako ashukaye dunguni kwake kwa haja. Ngoja umwone mnyama mwili mzima, na ujue kilicho nyuma yake. Risasi ya mviringo katika kasiba isiyo na mifuo haiaminiki kupita hatua 50 hivi, wala marisau madogo hayamwangushi nguruwe. Humjeruhi tu, naye nguruwe aliyejeruhiwa humsubiri mtu majanini asubuhi. Mara nyingi mlio wenyewe watosha kuwafukuza, na kwa mlio watosha pia debe, mbwa na moto. Majirani wakipanda pamoja kwa wakati mmoja na kulinda kwa zamu, hasara hugawanyika. Mkulima aliyepanda peke yake mapema huwalisha nyani wa kata nzima.

Fataki ikipasuka na bunduki isilie, usiishushe wala usiitazame. Iache imeelekea pale pale, uhesabu dakika moja kamili, mbili ni bora. Moto huweza kuwa unatambaa ndani. Kisha ondoa fataki, zibua tundu, vika nyingine. Ikikataa mara ya tatu, ondoa fataki, mimina maji mdomoni mpaka baruti ilowe kabisa, na asubuhi umpelekee fundi aivute risasi. Usijaribu kuitoa kwa kuichoma.

Ukisha piga, pitisha tambara bichi mpaka chini kabla ya kutia baruti tena, ili kuzima makaa. Haraka ya mpigo wa pili ndiyo iliyowaunguza wengi nyuso.

KUSAFISHA

Baruti nyeusi haiungui ikaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi na masizi. Masizi hayo huvuta unyevu wa hewa, na usiku mmoja wa masika watosha kuanzisha kutu. Basi usilale kabla hujaiosha. Ondoa kichuchu, tia kasiba katika maji ya moto yenye sabuni, vuta maji juu na chini kwa tambara lililofungwa mdekini mpaka yatoke meupe. Suuza kwa maji ya moto sana, maana chuma chenye joto hukauka chenyewe. Kausha kwa tambara, kisha paka mafuta ya mimea au ya wanyama, ndani na nje, na kichuchuni.

Itundike juu, mbali na watoto, ikiwa tupu, mtambo umelala. Baruti iwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jiko. Fataki ziwe katika sanduku jingine, chumba kingine. Mdeki uweke pamoja na bunduki daima, na alama zake zikianza kufutika kwa kushikwashikwa, zikate upya.