SOMO LA TOLEO HILI: Nusu Siku Nyahururu Bila Kuukimbiza Moyo

Gari limeegeshwa karibu na Maporomoko ya Thomson, mjini Nyahururu. Milango inafunguka na vijana wanatoka mbio. Mmoja anageuka na kusema, “Nyanya, wewe kaa tu kwa gari, tunarudi sasa hivi.” Hiyo “sasa hivi” inakuwa saa mbili. Nyanya amesafiri saa tatu kutoka Nairobi, mngurumo wa maji ameusikia, lakini maji yenyewe hajayaona.

Siku hiyo hiyo, baba mmoja mwenye presha ameona haya kubaki nyuma. Ameshuka na wenzake hadi chini ya maporomoko. Sasa ameketi katikati ya njia akihema, kupanda hawezi na kurudi chini hakumsaidii.

Visa hivi viwili tumevitunga kwa ajili ya somo, lakini mkaazi yeyote wa Laikipia aliyewahi kupeleka jamaa kwenye maporomoko atavitambua. Chanzo chake ni kimoja: familia ilipanga safari bila kupanga shughuli. Wanaoweza kushuka walishuka, na wasioweza wakaachwa au wakajilazimisha.

Baada ya kusoma somo hili, utaweza:

1. Kueleza kwa nini mwili huchoka haraka Nyahururu kuliko nyumbani.
2. Kuchagua shughuli tulivu zinazofaa wazee, wajawazito, watoto wadogo na wenye maradhi ya moyo, presha au magoti.
3. Kupanga saa nne ambazo kila aliyekuja atafurahia.

Fahamu mahali ulipo

Maporomoko haya yana urefu wa mita 74. Ukihesabu mita tatu kwa kila ghorofa, ni kama jengo la ghorofa 24 hivi. Maji ni ya mto Ewaso Narok, unaoanzia Ziwa Ol Bolossat katika kaunti jirani ya Nyandarua, na ambao baadaye huingia Ewaso Ng’iro na kuelekea maeneo makavu ya Samburu na Isiolo. Jina la Thomson lilitolewa mwaka 1883 na mpelelezi kutoka Scotland, Joseph Thomson, kwa heshima ya babake. Wenyeji waliyajua maji haya kabla yake. Jina Nyahururu lenyewe husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai.

Mji uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na kila pumzi huwa na oksijeni pungufu kwa karibu robo moja ikilinganishwa na Mombasa. Mgeni aliyetoka Pwani jana ataanza kuhema kwa mwendo ambao kwao haumsumbui. Si uvivu, ni hewa. Jua la huku juu nalo huchoma hata kukiwa na baridi, kwa hiyo kofia na sweta husafiri pamoja.

Adrenalini ni nini?

Mtu akishtuka, akichungulia shimo refu au akiteleza kidogo kwenye jiwe, tezi zilizo juu ya figo humwaga kichocheo kiitwacho adrenalini. Moyo huenda mbio, presha hupanda, misuli hukaza. Kijana mwenye afya huona raha na kutaka tena. Kwa mwenye presha isiyodhibitiwa au maradhi ya moyo, msukumo huo ukijumlishwa na hewa nyepesi na ngazi za kupanda unaweza kuleta hatari.

Njia ya kwenda chini ya maporomoko ni ya mteremko mkali, na huwa telezi kwa sababu ya mvua na mvuke wa maji. Wengi hudanganywa na wepesi wa kushuka. Kushuka ni kukopa, kupanda ni kulipa, na deni hilo hulipwa na moyo na magoti. Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa juu si “naweza kushuka?” bali “nitapandaje?”

Pima mambo matatu kabla ya kuchagua

*Mwili.* Muulize kila mtu kwa heshima, na kabla ya kufika: goti linaendeleaje? Dawa za presha umekunywa leo? Mzee akiulizwa mbele ya vijana waliokwisha vaa raba atasema yuko sawa. Muulize nyumbani.

*Saa.* Toa muda wa barabara, chakula na choo, ndipo uone kilichobaki. Waliotoka Nairobi asubuhi na kurudi jioni hubaki na saa nne hivi.

*Hali ya hewa.* Mvua ikiwa imenyesha usiku, ondoa njia ya kwenda chini kwenye orodha, hata kwa vijana. Siku hizo maji huwa mengi, na uzuri wake huonekana ukiwa juu.

Shughuli tano tulivu

1. Kuyatazama maji ukiwa umeketi. Sehemu ya juu ya kutazamia ina ukuta wa kujikinga na iko karibu na magari. Beba kiti chepesi cha kukunja. Wengi hupiga picha dakika tano na kuondoka, lakini anayeketi nusu saa huona mengi zaidi: mvuke unavyopanda na kushuka na upepo, upinde wa mvua jua likiwa nyuma yako, na ndege wanaoruka karibu na mwamba. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu ni sekunde ngapi povu moja linachukua kutoka juu hadi chini. Usikalie ukuta, wala usivuke kizuizi kwa ajili ya picha. Jiwe lenye ukungu halikupi nafasi ya pili.

2. Kutembea juu ya mto. Sehemu ya juu haina mteremko mkali kama njia ya chini. Tembea kwa mwendo ambao mnaweza kuzungumza bila kuhema. Mtu akishindwa kumaliza sentensi, simameni. Msinywe maji ya mto, kwa maana yamepita mashamba na makaazi kabla ya kufika hapo.

3. Kuwaona viboko kwa mbali. Kwenye eneo la maji tulivu juu ya maporomoko kuna viboko. Kuwatazama ni shughuli tulivu mradi kuna umbali. Kiboko hukimbia kumshinda binadamu, na hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Nenda mchana akiwa majini, pamoja na mwenyeji anayepajua, na uondoke kabla ya jioni, wakati viboko hutoka kwenda malishoni. Msiwarushie kitu ili wanyanyue vichwa.

4. Kusimama kwenye Ikweta. Mstari wa Ikweta unapita kilomita chache tu kusini mwa mji, na kuna kibao barabarani ambapo watu hupiga picha. Mwenye gongo na mwenye mimba wote wanaweza. Mahali kama hapa nchini, ikiwemo Nanyuki, huenda ukaonyeshwa maji yakizunguka kwenye beseni lenye tundu, upande mmoja wa mstari yakienda kulia na upande wa pili kushoto. Furahieni mchezo, kisha wafundisheni watoto ukweli. Mzunguko wa dunia hupinda mwendo wa pepo kubwa za bahari, lakini nguvu hiyo ni ndogo mno kwenye beseni, na hatua chache kutoka Ikweta karibu haipo kabisa. Maji hufuata jinsi yalivyomwagwa na mkono wa anayeonyesha. Mwangalieni mkono.

5. Kuwatazama wanariadha, au korongo. Mnaolala mjini mna bahati ya asubuhi. Nyahururu ni mji wa wakimbiaji, na kimo kile kile kinachomfanya mgeni ahema ndicho kinachowazoeza wao kutumia oksijeni chache vizuri. Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, huko Beijing mwaka 2008, alitoka eneo hili. Kaeni kando ya barabara na chai ya chupa, muwape njia. Mkiwa na siku nzima, endeleeni hadi Ziwa Ol Bolossat kuwaona korongo taji, ndege mrefu mwenye kishungi cha dhahabu. Tangu mwaka 2012 ameorodheshwa kimataifa kuwa ndege aliye hatarini kutoweka, kwa hiyo mtazameni kwa mbali, hasa akiwa na kiota.

Mfano wa mpango wa saa nne

- *Saa nne asubuhi:* Kufika. Choo, chai, dakika ishirini za kupumzika. Mwili upewe nafasi ya kuizoea hewa.
- *Saa nne na nusu:* Wote pamoja mahali pa kutazamia. Mzee huketi kwanza, na picha ya familia hupigwa hapo.
- *Saa tano na nusu:* Vijana wenye afya wanaweza kushuka iwapo njia ni kavu, na saa ya kurudi iwe imetajwa. Mtu mzima mmoja abaki na wazee kwa matembezi ya juu.
- *Saa saba kasoro robo:* Wote wamerudi. Chakula cha mchana.
- *Saa nane kasoro robo:* Kibao cha Ikweta, kisha safari ya kurudi.

Zingatia kwamba kundi linagawanyika baada ya kukaa pamoja, si kabla. Anayebaki na wazee naye apewe jambo la kufanya, ili kubaki kusiwe adhabu.

Kwa wakaazi na wafanyabiashara

Mgeni anayepiga picha na kuondoka hununua maji ya chupa moja. Anayeketi hununua mahindi ya kuchoma, chakula, kiondo cha kupelekea jirani, na huenda akalala. Anayetaka kumvutia mgeni wa namna hii anaweza kuanza na kiti kwenye kivuli, choo safi na majibu ya kweli. Mgeni akiuliza kama mama yake ataweza ngazi, usimwambie “ni karibu tu” kwa kuwa unataka ada ya kumwongoza. Mwambie ukweli, kisha mwoneshe la kufanya akiwa juu. Atarudi, na ataleta wengine.

Mgeni naye akubaliane bei kabla ya picha na wachezaji waliovalia mavazi ya kitamaduni, na kabla ya kuchukua mwongozaji. Kubishana baada ya kazi huharibu siku ya wote wawili. Takataka zake arudi nazo, kwa kuwa kinachotupwa hapa kinaweza kufika kwa mtu anayechota maji ya mto huu chini zaidi.

Dalili za kusimama mara moja

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuhema kusikopungua baada ya kupumzika, au maumivu ya tumbo kwa mjamzito. Mketishe mtu, usimlazimishe kupanda haraka, tuma mtu akaite usaidizi, na mpelekeni hospitalini. Dawa za mzee zibebwe mfukoni, si kwenye buti la gari.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au kwenye chama

1. Katika safari yenu ya mwisho, nani alibaki kwenye gari? Aliulizwa alitaka kufanya nini?
2. Kwa nini ni hatari kuamua kushuka kwa kutazama wanaoshuka peke yao?
3. Mgeni kutoka Mombasa ana miaka 70 na magoti mabovu. Mpangie saa tatu Nyahururu.
4. Mfanye jaribio la beseni mara sita jikoni, mkibadilisha jinsi ya kumwaga maji. Mmeona nini?

Maji ya Nyahururu huonekana vizuri pia ukiwa umeketi. Msimu ujao mtakapopakia gari, wekeni kiti cha nyanya kwanza.