Injini Inayomisi na Kupona: Tutafute Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri



Masika yakikatika, nyasi za mwambao huwa zimefika magotini. Kuanzia Kunduchi na Bunju hadi Mapinga, Zinga na Bagamoyo mjini, viwanja vya makanisa, shule na zahanati huhitaji kukatwa nyasi mapema, la sivyo nyoka hupata maficho karibu na watoto. Parokia iliyopewa mashine ya kukatia nyasi, ile ambayo mwendeshaji huikalia kama trekta dogo, hushukuru sana. Lakini siku mashine hiyo inapoanza kumisi, msaada huweza kugeuka mzigo.

Tuchukue mfano. Mashine inawaka vizuri asubuhi, inakata nyasi nusu saa, kisha inaanza kukohoa na kupoteza nguvu. Fundi anafika mchana, anaiwasha, inanguruma kana kwamba haijawahi kuugua. Anabadilisha plagi, analipwa, anaondoka. Jumamosi inayofuata inamisi tena. Kamati inanunua kabureta, nayo haisaidii. Mwishowe inaketi kumwandikia mfadhili barua ya kuomba injini mpya. Kumbe ubovu wote huenda ni waya mmoja ulioliwa na chumvi.

Somo letu ni hili: ubovu unaokuja na kuondoka hupimwa wakati upo, na hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

1. Tuelewe injini inavyofanya kazi

Injini ya petroli huhitaji vitu vitatu: mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, mgandamizo wa kutosha, na moto wa plagi kwa wakati wake. Ikimisi, kimojawapo kimekosekana kwa mizunguko kadhaa.

Katika injini nyingi za mashine hizi, moto wa plagi hautoki kwenye betri. Sumaku iliyo kwenye gurudumu zito la injini hupita karibu na koili, na koili hutoa umeme mkali wa kwenda kwenye plagi. Ili kuizima injini, waya mwembamba unaotoka kwenye koili hugusishwa na chuma cha mashine, na moto hukatika. Waya huo hupitia swichi ya ufunguo na swichi za usalama, kama ile iliyo chini ya kiti. Kwa hiyo waya huo ukichubuka na kugusa chuma kila mashine inaporuka kwenye shimo, injini itamisi hata kama plagi ni mpya kabisa.

2. Tuandike kabla ya kugusa

Mwendeshaji awe na daftari. Aandike: Injini imeanza kumisi dakika ngapi baada ya kuwashwa? Ilikuwa ya moto au ya baridi? Ni kwenye mashimo tu, au hata tambarare? Ni visu vinapozunguka tu? Mvua ilinyesha usiku? Je, ilikata ghafla, au ilififia polepole? Mara nyingi ubovu wa umeme hukata ghafla, na ubovu wa petroli hufifisha polepole. Fundi akikuta majibu haya, nusu ya kazi imekwisha.

3. Vipimo, kuanzia vya bure

Kifuniko cha tangi. Injini ikianza kumisi, legeza kifuniko. Ikisikika hewa ikiingia na injini ikatulia, tundu la hewa la tangi limeziba.

Choki. Inapomisi, vuta choki kidogo. Ikitulia, huenda inakosa petroli. Angalia filta, mpira wa petroli, na maji au uchafu ndani ya kabureta. Petroli iliyokaa miezi kwenye dumu isitumike.

Plagi. Ifungue uitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi meusi huonyesha petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba. Ikiwa imelowa petroli, huenda haipati moto.

Kipimo cha moto. Hiki hufungwa kati ya waya wa plagi na plagi, na taa yake humulika injini ikiwa inazunguka. Taa ikikosa kumulika wakati injini inamisi, ubovu uko upande wa umeme. Usishike waya wa plagi kwa mkono, wala usijaribu moto karibu na petroli iliyomwagika.

Waya wa kuzimia. Mashine ikiwa imesimama tambarare, breki imefungwa na visu vimezimwa, fundi auchomoe waya ule mwembamba. Kumisi kukikoma, koili ni nzima, na ubovu uko kwenye waya au swichi. Akumbuke kwamba sasa ufunguo hauwezi kuizima injini, hivyo awe tayari kuizima kwa kufunga petroli. Akimaliza kupima, aurudishe waya mahali pake.

Koili. Ikiwa injini inakata moto kila inapopata joto, na kurudi ikipoa, ishuku koili. Kama injini ina silinda mbili na koili zake ni za aina moja, zibadilishane. Ubovu ukihamia silinda ya pili, koili ndiyo mbovu. Hapo tu ndipo tununue.

Kwa kipuri chochote, nakili namba zilizogongwa kwenye kifuniko cha injini kabla ya kumtuma mtu Kariakoo. Safari ya Dar es Salaam na kurudi kwa kipuri kisichoingia ni hasara mara mbili.

4. Maadui wetu wa mwambao

Upepo wa bahari huleta chumvi. Ukiona unga wa kijani kwenye viungo vya waya, visugue kwa msasa, vikaze, kisha vipake grisi. Usisahau waya unaounganisha betri na fremu. Nyigu hujenga kwenye matundu, na panya hula waya banda likifungwa muda mrefu. Majani makavu hujaa chini ya kifuniko cha feni, injini ikachemka na koili ikaungua. Usafi wa dakika kumi kila baada ya kazi huzuia mengi. Kabla ya kuingiza mkono chini ya mashine, toa ufunguo na uchomoe waya wa plagi.

5. Jambo ambalo kamati isilikubali

Wapo mafundi wanaotibu kumisi kwa kuikata swichi ya kiti na kuiacha hivyo. Injini hupona siku hiyohiyo, na kila mtu hufurahi. Lakini sasa mwendeshaji akianguka, visu vinaendelea kuzunguka, na viwanja vyetu vimejaa watoto. Swichi mbovu ibadilishwe, isirukwe. Kamati imuulize fundi wazi: "Swichi zote zinafanya kazi?" Kisha imwombe aonyeshe.

Kwa wafadhili tunasema hivi: anayetoa mashine atoe pia kitabu chake, plagi na filta za akiba, na fedha kidogo ya kumfundisha mwendeshaji. Kwa kamati: barua ya kuomba injini mpya iambatane na nakala ya daftari. Daftari humlinda fundi mwaminifu, huilinda kamati dhidi ya maneno, na humpa mfadhili sababu ya kuamini.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mashine yetu ina daftari? Nani huliandika?
2. Mara ya mwisho tuliponunua kipuri, tulikuwa tumepima au tulikisia?
3. Swichi za usalama za mashine yetu zinafanya kazi? Nani atazikagua kabla ya kazi ya Jumamosi ijayo?